Historia ya Waingereza Isomwe Kutoka Kalenga

Mgeni afikaye Iringa, akashika njia ya Kalenga kwa mwendo wa kilometa kama 15 hivi, hukuta nyumba ndogo ya makumbusho. Ndani yake limehifadhiwa fuvu la kichwa cha binadamu. Wenyeji humweleza kuwa ndilo fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililochukuliwa na Wajerumani mwaka 1898 na kurudishwa na Waingereza mwaka 1954. Mgeni hulitazama kwa heshima, kisha huaga na kwenda zake.

Sisi tunadhani mgeni huyo angefaa akae kidogo. Fuvu lile halisimulii habari za Wahehe peke yao. Limebeba pia sehemu kubwa ya historia ya Waingereza: jinsi walivyowatia lijamu wafalme wao, jinsi walivyoigawa nchi ya watu wengine, jinsi walivyoahidi na jinsi walivyotimiza. Shuleni wengi wetu tulifundishwa historia hiyo kama orodha ya wafalme na vita. Tuliikariri kwa ajili ya mtihani, na baada ya mtihani tukaisahau. Leo tunawaalika wasomaji wetu, hasa ndugu zetu wa Visiwani na watumishi wa Serikali, tuisome upya kutoka Kalenga.

KITI NA KICHWA

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1591 merikebu ya Kiingereza iitwayo Edward Bonaventure, nahodha wake James Lancaster, ilitia nanga Unguja. Waingereza wa siku hizo hawakuwa bado mabwana wa bahari. Walikuwa wachuuzi waliokuwa wakitafuta njia ya kufikia mali ya India, nao Wareno walikwisha kuwatangulia. Tarehe 31 Desemba 1600 Malkia Elizabeth wa Kwanza aliwapa wafanyabiashara wa London hati ya kuunda Kampuni ya India ya Mashariki, na Lancaster huyo huyo ndiye aliyeongoza safari yake ya kwanza. Tangu mwanzo, basi, nguvu ya Waingereza ng'ambo ilitembea na karatasi mkononi.

Kwao nyumbani kulikuwa na swali jingine: mfalme humjibu nani? Tarehe 4 Januari 1642 Mfalme Charles wa Kwanza aliingia Bungeni akifuatana na askari, akitaka kuwakamata wabunge watano. Alimwuliza Spika, William Lenthall, wako wapi. Spika alipiga magoti mbele ya mfalme wake, lakini akamjibu kwamba katika nyumba ile hana jicho la kuona wala ulimi wa kusema isipokuwa kama Bunge litakavyomwamuru. Mfalme akatoka mikono mitupu. Mwaka huo huo vita vilizuka kati yake na Bunge, na tarehe 30 Januari 1649 mfalme akakatwa kichwa hadharani mjini London.

Mambo hayakuishia hapo. Oliver Cromwell, aliyeshika utawala baada ya mfalme, alifariki mwaka 1658. Ufalme uliporudishwa, adui zake walimfukua kaburini mwaka 1661, wakamkata kichwa, wakakitundika juu ya jumba la Westminster. Kilikaa huko miaka mingi, kikaanguka, kikapita mikononi mwa watu mbalimbali kama kitu cha maonyesho, na hakikuzikwa mpaka mwaka 1960, katika chuo kimoja cha Cambridge. Waingereza, kwa hiyo, walikuwa wakijua vema maana ya kichwa kisichopata kaburi.

Matunda ya misukosuko hiyo yalionekana mwaka 1689, ilipopitishwa Sheria ya Haki. Moja ya nguzo zake ni hii: mfalme hana ruhusa ya kutoza kodi pasipo idhini ya Bunge. Hata hivyo, Bunge lenyewe lilikuwa la matajiri. Wananchi wa kawaida walilazimika kupiga hodi kwa muda mrefu sana. Mlango ulifunguliwa kidogo mwaka 1832, ukafunguliwa zaidi mwaka 1918, na wanawake wa Uingereza hawakupata haki ya kura sawasawa na wanaume hadi mwaka 1928. Tunalitaja jambo hili ili msomaji asidhani kwamba Mwingereza alizaliwa na haki zake kifuani. Kila kiti kilichopatikana Westminster kilipatikana baada ya kudaiwa.

KARATASI YA 1890

Sasa tuvuke bahari. Viwanda vya mvuke viliipa Uingereza utajiri na merikebu ambazo dunia haikuwa imepata kuziona. Nchi hiyo, iliyokuwa imetajirika pia kwa biashara ya watumwa, ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807, na mwaka 1833 ikapitisha sheria ya kuukomesha utumwa wenyewe katika makoloni yake mengi. Ndugu zetu wa Unguja wanaikumbuka sura ya jambo hilo iliyowafikia wao: Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa, huku Balozi John Kirk akiwa na manowari nyuma yake. Jambo lilikuwa jema. Njia yake ilikuwa ya mwenye nguvu.

Tarehe 1 Julai 1890 Serikali ya Lord Salisbury ilitiliana sahihi na Wajerumani mkataba uliozikata nchi zetu kama kitambaa. Unguja na Pemba ziliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Bara ikabaki mikononi mwa Ujerumani, nayo ikapewa juu yake kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Mkwawa hakuulizwa, wala watu wa Rungwe, wala wavuvi wa Pemba. Karatasi moja iliwafanya watu wa Visiwani kuwa raia wa ulinzi wa taifa moja, na watu wa Iringa na Mbeya kuwa chini ya taifa jingine.

Wahehe walitoa jibu lao mapema. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, waliliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, naye akauawa papo hapo. Wajerumani walirudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka. Mkwawa aliingia porini, akapigana kwa kuvizia kwa karibu miaka minne. Katika kipindi hicho hicho, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zililipiga kwa mizinga jumba la Sultani mjini Unguja, na kwa muda usiofika saa moja wakamng'oa Khalid bin Barghash aliyekuwa amekalia kiti bila ya ridhaa yao. Karatasi ilikuwa moja, na mizinga ikatumika pande zote mbili za bahari.

Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa, akiwa amezingirwa na maradhi yamemdhoofisha, alijiua kwa bunduki yake kuliko kukamatwa akiwa hai. Wajerumani waliukuta mwili, wakakata kichwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani.

AHADI NI DENI

Vita vya Kwanza vya Dunia viliwaleta Waingereza Nyanda za Juu Kusini kwa mlango wa kusini. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey, yakitokea Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaliingia Tukuyu, na mwishoni mwa Agosti yakaichukua Iringa. Wahehe wengi waliwapa msaada, na mtawala mpya, Horace Byatt, hakulisahau. Novemba 1918 aliandika London akipendekeza kwamba fuvu la Mkwawa litafutwe na kurudishwa, ili iwe shukrani kwa Wahehe na ishara kwao kwamba nguvu ya Wajerumani imekwisha.

Basi ikawa ajabu. Katika Mkataba wa Versailles wa tarehe 28 Juni 1919, uliowatoza Wajerumani majimbo, manowari na mali isiyo na hesabu, kiliwekwa kifungu cha 246. Kifungu hicho kina mambo mawili. La kwanza ni kwamba Ujerumani imrudishie Mfalme wa Hejaz Msahafu wa Khalifa Othman, uliodaiwa kuondolewa Madina na kupewa Mfalme Wilhelm. La pili ni kwamba Ujerumani iikabidhi Serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Yote mawili yalipewa muda wa miezi sita tangu mkataba kuanza kutumika. Mkataba ulianza kutumika tarehe 10 Januari 1920. Miezi sita ikapita. Wajerumani wakasema hawajui fuvu liliko. London ikaona jambo lenyewe si la kugombaniwa, na jalada likafungwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, tena lenye mihuri ya mataifa makubwa ya ulimwengu. Lililokosekana ni mtu wa Kalenga mwenye kiti mahali ambapo angeweza kusimama na kuuliza: "Mheshimiwa, miezi sita imekwisha, fuvu liko wapi?"

TUKUYU, CHUNYA NA LONDON

Ukosefu huo wa kiti haukuhusu fuvu peke yake. Mwaka 1922 Tanganyika iliwekwa rasmi chini ya udhamini wa Uingereza kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa. Mwananchi wa Rungwe na wa Uhehe akatozwa kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron alifungua Baraza la Kutunga Sheria, lakini Mwafrika hakuingia humo mpaka mwaka 1945. Taifa lililomkata mfalme kichwa, na baadaye kuandika kuwa hakuna kodi pasipo Bunge, lilikuwa likitoza kodi ya kichwa kwa watu wasiokuwa na mjumbe hata mmoja. Hatusemi haya kwa chuki. Tunayasema kwa kuwa kipimo tunachowapimia ni chao wenyewe.

Oktoba 1925 walowezi wa Kizungu kutoka Kenya, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na hapa Tanganyika walikutana Tukuyu kwa mwito wa Lord Delamere. Shauri lao lilikuwa kuziunganisha nchi hizi chini ya uongozi wa walowezi, kuanzia Nairobi mpaka Zambezi. Jambo hilo lilizungumzwa miaka mingi, na mwaka 1931 likafika mbele ya kamati ya pamoja ya mabaraza mawili ya Bunge la Uingereza. Safari hii Tanganyika ilipeleka mashahidi wake Waafrika: Chifu Makwaia wa Usukuma, Francis Lwamgira wa Bukoba na Martin Kayamba, karani wa Serikali aliyepata elimu yake Kiungani, Unguja. Walisema mbele ya kamati kwamba watu wao hawautaki muungano wa namna hiyo. Hawakuwa peke yao katika kuupinga, lakini walisikika, na shauri la Tukuyu halikufaulu. Karani mmoja aliyesoma Visiwani alisimama London, na watu wa Nyanda za Juu wakaepukana na utawala wa walowezi.

Mambo mengine yaliamuliwa bila kusikiliza mtu. Tarehe 21 Septemba 1931, ikielemewa na mdororo wa uchumi wa dunia, Serikali ya Uingereza iliacha kuifunga pauni yake na dhahabu. Pauni ilishuka thamani, na bei ya dhahabu ikapanda. Katika machimbo ya Lupa, huko Chunya, uamuzi huo ulisikika kama mvua baada ya kiangazi. Wachimbaji walimiminika, vibarua wakaja kutoka kila upande, na mji mchanga wa Mbeya ukakua kwa biashara ya wachimbaji hao. Ni vijana wangapi waliotumbukia katika mashimo yale wakijua kwamba waliitwa na tangazo la Waziri wa Fedha wa nchi ya mbali? Vita vya mwaka 1939 vilipozuka, Wajerumani waliokuwa na mashamba Iringa, Mufindi na Mbozi walikamatwa, na mashamba yao yakashikwa na Serikali kuwa mali ya adui. Kila zilipobadilika hesabu za London, ardhi ya Nyanda za Juu ilibadilisha mikono.

FUVU LARUDI

Baada ya Vita vya Pili Uingereza ilikuwa mshindi aliyechoka. India ilijipatia uhuru mwaka 1947. Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa Kenya. Ni katika siku hizo Gavana Edward Twining alilifungua tena jalada la Kalenga. Alikwenda mwenyewe katika makumbusho ya Bremen, ambako mafuvu mengi yalikuwa yamewekwa, akachagua moja ambalo vipimo vyake vilikaribiana na vya jamaa za Mkwawa na lililokuwa na tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954, huko Kalenga, alimkabidhi Mtwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Kutoka siku ambayo miezi sita ya Versailles ilimalizika, ilikuwa imepita takriban miaka 34.

Wako wataalamu waliolitilia shaka fuvu lile. Wanasema vipimo na tundu la risasi havitoshi kuthibitisha kuwa ndilo lenyewe. Sisi hatuwezi kuwaamulia Wahehe jambo la babu yao, waliolipokea kwa machozi na kulitunza kwa heshima. Lakini swali moja tunaliuliza kwa watumishi wa Serikali: je, Gavana alikuwa akilipa deni la mwaka 1919, au alikuwa akitafuta utulivu wa mwaka 1954, wakati jirani yake Kenya inawaka moto? Tunadhani yote mawili yalikuwamo. Mwenye nguvu hulipa deni siku anapomhitaji mdai wake.

Siku 18 baada ya hapo, tarehe 7 Julai 1954, TANU ilizaliwa Dar es Salaam. Wananchi walikwisha kuelewa kwamba hawawezi kungoja majalada yafunguliwe kwa wakati wa mtu mwingine. Januari 1958, katika mkutano wa Tabora, chama hicho kilikabili kura ya mseto, ambayo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Masharti yalikuwa mabaya. Wengine walitaka uchaguzi ususiwe. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wenzake waingie, kwa kuwa kiti chenye masharti ni bora kuliko kusimama mlangoni. Waliingia, na wagombea waliopata kibali cha TANU wakashinda, miongoni mwao Lady Chesham, mlowezi wa Iringa. Ilikuwa miaka 30 kamili tangu wanawake wa Uingereza wapate kura sawa na wanaume wao.

KITI TENA

Tanganyika ilijitawala tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka uliofuata Bunge lilimchagua Spika wake wa kwanza Mwafrika. Jina lake ni Adam Sapi Mkwawa, yule yule aliyelipokea fuvu la babu yake. Aprili 1964, Bunge la Tanganyika lilipoziridhia Hati za Muungano na Zanzibar, yeye ndiye aliyekuwa Spika. Wajumbe kutoka Visiwani walipoingia katika Bunge la Jamhuri ya Muungano, walimkuta yeye katika kiti. Alikikalia mpaka mwaka 1973, akakirudia mwaka 1975, na hakukiacha hadi mwaka 1994.

Msomaji na atafakari. Kazi ya Spika ni ile ile ya Lenthall wa mwaka 1642: kuwa jicho na ulimi wa Bunge, hata mbele ya mkubwa. Karatasi ya mwaka 1890 iliyatenganisha Visiwa na Nyanda za Juu bila kuwauliza wenyewe. Miaka 74 baadaye watu wa pande zote mbili waliketi katika nyumba moja, mbele ya mjukuu wa mtu ambaye kichwa chake kilikuwa kifungu cha mkataba wa mataifa.

Sisi hatuoni kwamba historia ya Waingereza ni kitu cha kusujudia, wala cha kutupwa. Ina funzo moja kubwa, nalo linatuhusu leo. Waingereza walijipatia haki kwa kuikalia nyumba ambamo mkubwa huulizwa maswali. Walipokuja kwetu, nyumba hiyo waliiacha kwao. Ndiyo maana ahadi waliyoiandika kwa wino ililala miaka 34.

Watumishi wenzetu wa Serikali, kila mmoja wenu ana majalada mezani. Limo la mjane wa Tukuyu anayedai mafao ya mumewe, limo la kijiji cha Mufindi kilichoahidiwa barabara, limo la mvuvi wa Pemba anayengoja leseni. Kwenu ni karatasi moja kati ya nyingi. Kwa mwenyewe ni fuvu la babu yake. Kulifunga jalada si kulijibu, na kumpa mtu kitu kinachofanana na haki yake si kumpa haki yake. Nanyi wananchi, wa Bara na wa Visiwani, msiione haya kuuliza mara ya pili na ya tatu. Ahadi ni deni, na deni lisilodaiwa huzeeka mikononi mwa mdaiwa.